Kiwanda kidogo cha kubangua korosho Mtwara: maganda yamejaa, moshi unasumbua majirani, maji meusi tuyapeleke wapi?

Mbanguaji_Naliendele

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii.

Tuna kikundi cha ubanguaji nje kidogo ya Mtwara mjini, upande wa Naliendele. Tunabangua tani moja ya korosho ghafi kwa siku, siku sita kwa wiki. Tunapika kwa mvuke, tunabangua kwa mashine za mkono, tunakausha, tunamenya. Boila ni ndogo na tunaichochea kwa maganda yaleyale tukichanganya na kuni. Shida ni hizi.

Maganda: boila haiyamalizi. Rundo liko nje, limepita kimo cha mtu, na mvua za Desemba zikianza linatoa maji meusi yanayoteremka mpaka barabarani.

Moshi: asubuhi tukiwasha boila unatoka moshi mweupe mzito unaowasha macho na koo. Kusi likivuma wanalalamika wa upande mmoja, kaskazi ikija wanalalamika wa upande wa pili. Na wana haki, nyumba zile zina watoto wachanga na wazee.

Maji: kila tukifungua chombo cha kupikia yanatoka maji meusi yenye utelezi. Ukijumlisha na ya kuoshea sakafu yanafika lita 200 kwa siku. Tunayaelekeza kwenye shimo tulilochimba mchangani. Kisima cha jirani kiko hatua themanini kutoka hapo.

Tumeshauriwa tuyafukie maganda, tuyamwage shambani kama mboji, au tuyachome usiku watu wakiwa wamelala. Hilo la mwisho tumelikataa. Hatuna fedha nyingi, ila tunaweza kununua kifaa kimoja cha maana. Tuanzie wapi?

Fundi_Boila

Dada Mbanguaji, hayo matatu yana mzizi mmoja, nao ni mafuta yaliyomo ndani ya ganda. Chukua ganda moja, livunje kwa koleo, litazame pale lilipovunjika. Kuna gamba la nje, kuna gamba gumu la ndani, na katikati kuna vitundu vidogo kama sega la nyuki. Libonyeze uone yanavyochuruzika. Mafuta hayo ni kama robo ya uzito wa ganda. Sehemu kubwa, asilimia 60 hadi 70, ni asidi ya anakadiki, na inayobaki ni kadoli na kadanoli. Zote ni jamii ya fenoli. Ndizo zinazochubua mikono ya wabanguaji, ndizo zinazofanya maji yawe meusi, na ndizo zinazowawasha majirani macho.

Sasa tupige hesabu ya siku moja. Tani moja ya korosho ghafi inakupa viini kilo 220 hadi 240, ngozi nyekundu kidogo, na maganda karibu kilo 700. Kupika kwa mvuke hakutoi mafuta mengi, kwa hiyo ndani ya kilo 700 bado mna mafuta kilo 170 hivi. Boila ya kupikia na kukaushia korosho tani moja haihitaji hata robo ya maganda hayo. Ukichoma yote bila kukamua, unachoma mafuta kilo 170 kwenye jiko lililojengwa kwa ajili ya kuni. Ukifukia, umeyazika mchangani.

Kama fedha inatosha kifaa kimoja, kinunuliwe kinu cha kukamulia, ekspela ya skrubu. Ya kilo 100 kwa saa inawatosha: saa saba kwa siku. Utapata mafuta kilo 130 hivi, yaani karibu lita 135, na mashudu makavu kilo 565 hivi yenye mafuta asilimia 6 hadi 8 tu. Mashudu hayo ndiyo ya kuchoma. Joto lake ni kama megajuli 18 kwa kilo, halizidiwi na kuni kavu.

Moshi nao una kanuni zake. Ule mweupe unaowasha si mvuke wa maji. Ni mafuta yaliyofuka kabla hayajashika moto, yakapanda bombani yakiwa mabichi. Mafuta yanaanza kufuka jiko likiwa bado la uvuguvugu, ila kuungua sawasawa yanataka nyuzi 850 na kuendelea, hewa ya kutosha, na muda wa kama sekunde mbili ndani ya joto hilo. Jiko lako la asubuhi halina hata kimoja cha hivyo vitatu.

Kwa uchomaji wa kilo 20 za mashudu kwa saa unahitaji hewa kama mita za ujazo 170 kwa saa. Gawa: sehemu mbili kwa tano zipite chini ya wavu, tatu kwa tano ziingie juu ya moto kupitia matundu pembeni. Watu wengi wanaweka hewa ya chini tu, halafu wanashangaa kwa nini moto ni mkali na moshi bado upo. Hewa ile ikifika nyuzi 850 inatanuka mara tatu na nusu na zaidi, inakuwa kama mita 640 kwa saa. Ili ikae sekunde mbili unahitaji chumba cha pili cha moto chenye ujazo wa mita 0.36, mathalani sentimita 60 kwa 60 kwa urefu wa mita moja, kati ya wavu na mabomba ya boila. Kijengwe kwa matofali ya moto, nje yake pawe na nafasi ya sentimita 5 iliyojazwa majivu ili joto lisitoroke. Matofali ya kawaida ya saruji yatapasuka mwezi wa kwanza.

Kuwasha: dakika 30 hadi 40 za kwanza choma vifuu vya nazi au kuni kavu peke yake. Usitie hata konzi moja ya mashudu mpaka matofali ya chumba cha pili yawe mekundu kwa macho. Baada ya hapo tia kilo 2 kila dakika sita. Mchocheaji anayetia ndoo nzima ili akapumzike ndiye anayeleta malalamiko: ndoo ile inaupoza moto na kufukisha mafuta yote kwa pamoja. Soma moshi. Mweupe mzito, moto ni baridi. Mweusi, hewa ya juu haitoshi. Ukiona hewa inatetemeka tu mdomoni mwa bomba bila rangi, hapo umepata.

Bomba la moshi lizidi kilele cha paa la juu kuliko yote ya jirani kwa mita 3. Chini yake acha mlango wa kusafishia na kopo la kukinga lami inayoshuka. Lami hiyo ikirundikana inashika moto bombani, na paa la makuti likiwa karibu mtajuta.

Jembe_Tandahimba

Kuhusu mboji mimi sioni tatizo mkuu. Ganda ni kitu cha shambani, lirudi shambani. Mkilirundika mwaka mzima na samadi si litaoza?

Maji_Kusini

Ndugu Jembe, ganda bichi halikubali kuoza kwa sababu fenoli zake zinaua vijidudu vinavyoozesha. Fukua rundo la mwaka mzima, katikati utakuta ganda lina umbo lake na bado linachafua vidole. Ukiweka kwenye shimo la mche, mizizi michanga inaungua. Kinachofaa shambani ni majivu ya ganda lililoungua kabisa, yana potasiamu. Tawanya kwa wepesi chini ya kivuli cha mti. Usirundike penye shina, maana majivu ni makali kama chokaa.

Dada, mimi nizungumzie maji, na naomba shimo hilo lifungwe leo. Mchanga wa pwani yetu hauchuji kitu. Maji yanashuka wima mpaka yakute maji ya chini, halafu yanatembea kufuata mteremko, na hatua themanini si umbali wa kulala usingizi. Kuna dalili moja mnayoweza kuijaribu wenyewe. Chota ndoo ya maji ya kisima hicho, tia klorini kama mnavyotibu maji ya kunywa, funika nusu saa, kisha nusa. Fenoli kidogo sana ikikutana na klorini inageuka klorofenoli, na harufu yake ni ya dawa ya kusafishia wodi, huwezi kuikosea. Mkiipata, watu waache kunywa kisima hicho siku hiyohiyo na sampuli ipelekwe maabara ya maji. Msipoipata msijipongeze, bado sampuli inatakiwa.

Hatua ya kwanza ni kupunguza maji. Sakafu isioshwe kwanza. Mwageni pumba za mbao au majivu kwenye utelezi, fagieni, takataka hizo zikachomwe jikoni, ndipo mpige deki kwa maji kidogo. Na sabuni isitumike kwenye sakafu inayomiminika upande huu. Sabuni inayavunja mafuta kuwa chembe ndogo zinazoelea katikati ya maji, na hakuna mtego utakaozikamata. Kwa njia hii lita 200 zinaweza kushuka sana.

Hatua ya pili ni tangi la kupoozea, kisha mtego wa mafuta wa vyumba vitatu. Kupoozea kunarukwa na wengi. Uzito wa mafuta haya unakaribia sana ule wa maji, kama 0.95 kwa 1, kwa hiyo yanapanda juu polepole mno, na maji yakiwa ya moto yanayovurugika hayapandi kabisa. Acheni maji yalale usiku kucha kwenye pipa la plastiki la bluu, asubuhi ndipo yaingie mtegoni. Mtego wa ujazo wa mita moja unawatosha: kuta za tofali zilizopigwa plasta ya saruji na kuzuia maji, ukuta wa kwanza una tundu chini, wa pili hivyohivyo, maji yapite chini na mafuta yabaki juu. Kila asubuhi mafuta yaenguliwe kwa kipande cha bati. Mkikosa kuengua siku nne mtego ni shimo tu kama lile la mwanzo.

Hatua ya tatu ni chokaa, ile ya unga ya kupaka nyumba, isiyochanganywa rangi. Asidi ya anakadiki ikikutana na kalsiamu inaganda na kuzama. Kipimo msikisie. Chukua chupa tano za lita moja zilizojaa maji yenu, tia gramu 1, 2, 3, 4 na 5, tikisa dakika kumi, acha zilale. Asubuhi angalia chupa yenye chokaa kidogo kuliko zote ambayo maji ya juu yamebadilika kutoka meusi kuwa rangi ya chai ya rangi iliyopauka. Ikiwa ni gramu 3, basi lita 200 zinataka gramu 600. Rudia jaribio kila shehena mpya ya korosho inapoingia, maana maji hayafanani. Chokaa haiondoi kadanoli wala kadoli sawasawa, kwa hiyo maji yakiwa angavu bado si masafi.

Tope linalozama lichanganywe na vumbi la mashudu, likaushwe, lichomwe kidogokidogo jiko likiwa jekundu.

Maji yanayobaki yasitoke nje ya uzio. Viwango vya kumwaga majitaka kwenye mazingira, kwa kanuni za mwaka 2007, vinataka BOD na COD, yaani vipimo vya uchafu unaokula oksijeni ya maji, zisizidi miligramu 30 na 60 kwa lita, na pH, kipimo cha uasidi, iwe kati ya 6.5 na 8.5. Kiwanda cha ukubwa wenu hakitaweza kuishusha COD mpaka 60 kwa mapipa na chokaa, nisiwadanganye. Njia ya uhakika ni kuyakausha. Bwawa lina kina cha sentimita 30, limetandikwa karatasi nzito ya plastiki ya milimita moja, na limeezekwa kwa nailoni angavu, pembeni wazi upepo upite. Chini ya paa hesabuni milimita 3 za kukauka kwa siku. Lita 200 gawanya kwa 3 ni mita za mraba 67, kwa hiyo mita 7 kwa 10.

Msije mkaacha paa kwa kubana matumizi. Mtwara inapata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwenye bwawa la mita 70 za mraba hizo ni lita 70,000. Majitaka yenu ya mwaka mzima, siku 300 kwa lita 200, ni lita 60,000. Yaani bila paa mvua pekee inaleta maji mengi kuliko kiwanda, na bwawa litafurika Februari.

Mbanguaji_Naliendele

Asanteni sana kaka Fundi na kaka Maji. Shimo tumeacha kulitumia tangu jana, maji tunakinga kwenye mapipa. Jaribio la klorini tutalifanya kesho na jirani akiwepo.

Maswali yangu: ekspela inaharibika kwa vitu gani, maana tumesikia za wenzetu zinakwama. Mafuta tuyahifadhi vipi mpaka mnunuzi apatikane? Na majirani wamekuwa wakija kuomba maganda ya kupikia nyumbani, wengine ya kuchomea matofali. Tuwape?

Fundi_Boila

Ya nyumbani usiwape, dada, hata wakibembeleza. Ganda lisilokamuliwa kwenye jiko la mafiga matatu ndani ya jiko la makuti ni moshi uleule mweupe, ila sasa anauvuta mama aliyeinama na mtoto mgongoni. Hata mashudu yaliyokamuliwa si ya jiko la ndani. Tanuri la matofali linaweza kupokea mashudu, si maganda, na yatiwe tanuri likiwa limeshakolea.

Ekspela inakwama kwa sababu chache zinazojirudia. Kubwa ni misumari, mawe na vipande vya waya vinavyoingia na maganda yaliyofagiwa chini. Kimoja tu kinang'oa meno ya skrubu. Weka chekeche kabla ya mdomo na sumaku nzito kwenye mfereji, sumaku ya spika kubwa iliyokufa inafaa. Ya pili ni unyevu. Ganda lililonyeshewa linateleza ndani badala ya kusukumwa, mafuta yanatoka na povu la maji na mashudu yanatoka kama uji. Ganda likamuliwe siku ileile lilipobanguliwa, na liwe na joto la nyuzi 70 hadi 90, kwa sababu likipoa mafuta yanakuwa mazito. Ya tatu ni haraka ya fundi. Koni ya kutokea inafungwa kidogokidogo kinu kikishapata moto, robo mzunguko kwa wakati. Ukikaza tangu mwanzo mota inaunguza fyuzi au shafti inapinda. Nunua pamoja na kinu seti moja ya ziada ya pete za skrubu, kwa sababu maganda ni makali na pete zinalika. Dalili yake ni mashudu kuanza kutoka yanang'aa mafuta ilhali hujabadili kitu.

Mafuta yakitoka yana masimbi. Yaache yatulie siku tano hadi saba, kisha chota ya juu. Mafuta mabichi ni asidi, yanakula chuma, kwa hiyo yakae kwenye mapipa ya plastiki ya bluu yenye kifuniko cha kukaza, ndani ya chumba chenye sakafu ya zege na ukingo unaoweza kuzuia pipa zima likipasuka. Wanunuzi wa viwandani, wa rangi, gundi na unga wa breki, wengi wanataka yaliyokwisha kupikwa. Kupika ni kuyapandisha polepole mpaka nyuzi 140 hivi na kuyashikilia hapo mpaka povu liishe. Asidi ya anakadiki inaachia hewa ya kaboni na kugeuka kadanoli, na uzito unapungua kama kilo 8 kwa kila kilo 100. Povu lake ni kali. Sufuria ijazwe nusu tu, moto uwe wa kuzimika mara moja, na asikae mtu upande wa upepo unakoelekea. Kama hamna fundi wa kusimamia jambo hili, uzeni mabichi kwa bei ndogo. Bei ndogo ni afadhali kuliko mtu kuungua.

Mengine kidogo yanafaa kupaka miguu ya nguzo na mbao dhidi ya mchwa. Zikauke wiki kadhaa, zisiwe za zizi wala mzinga. Kwa kazi zote hizi glovu ziwe za nitraili ndefu na za kutoboka zitupwe. Kupaka mikono majivu au mafuta ya nazi kunasaidia kidogo, hakutoshi.

Onyo moja la mashudu: yanatoka kwenye kinu yakiwa ya moto, nyuzi 80 na zaidi. Ukiyajaza kwenye magunia na kuyapanga hapohapo, joto linanaswa katikati, mafuta yaliyobaki yanaendelea kujipasha, na saa nane za usiku ghala linawaka bila kiberiti. Yatandazwe sakafuni unene wa kiganja, yalale kwa muda wa saa kumi na mbili, ndipo yafungwe. Rundo lisizidi mita moja na nusu. Ingiza nondo katikati, iache dakika kumi, itoe uishike. Ukishindwa kuishika, fukua rundo mara moja.

Mkaa_Mbadala

Nyongeza kwa mashudu yanayobaki, maana boila itatumia kama kilo 140 na zitabaki zaidi ya 400 kila siku.

Mkaa unawezekana. Kilo 100 za mashudu zinatoa mkaa kilo 25 hivi. Ila msitumie pipa lililozibwa na kuachwa lifuke, hapo mtakuwa mmehamisha moshi kutoka boila kwenda uani. Tumieni pipa la ndani ya pipa: la ndani lina mashudu na mdomo wake unaelekea chini, moshi unashuka kwenye moto wa pipa la nje na kuungua humo. Mkiona moto wa juu umegeuka kutoka njano kuwa mwembamba wa buluu, mafuta yamekwisha, zibeni hewa.

Kipimo cha mkaa ulioiva ni huu. Uvunje, upake kwenye karatasi nyeupe. Ukiacha alama nyeusi kavu umeiva. Ukiacha ukingo wa kahawia wenye mafuta, rudisha pipani. Mkaa mbichi ukiuzwa mtaani utawapa watu kikohozi na kikundi chenu jina baya.

Kwa matofali ya mkaa: unga wa mkaa kilo 100, unga wa muhogo kilo 6 uliopikwa uji mwepesi kwa lita 60 za maji, kandeni, gandamizeni, anikeni siku nne juani. Uji ukizidi tofali linatoa moshi, ukipungua linamumunyuka likipakiwa.

Na jikoni kwenu kusiingie mifuko mitupu ya salfa wala chupa za viuatilifu vya mikorosho, hata kama mwanachama ataleta gunia zima akidhani anasaidia. Salfa ikiungua inatoa hewa inayochoma mapafu na kula bomba lenu. Chupa zisuuzwe mara tatu, maji yake yarudi kwenye bomba la kupulizia, zitobolewe, zipelekwe AMCOS, chama chenu cha ushirika wa mazao, kwa utaratibu wa afisa ugani.

Mazingira_Lindi

Upande wa sheria kwa ufupi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi uwe na cheti cha mazingira. Kiwanda ambacho kimeshaanza bila cheti kinafanyiwa ukaguzi wa mazingira, na kazi hiyo inafanywa na mtaalamu aliyesajiliwa. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya Kanda ya Kusini hapohapo Mtwara. Nendeni kabla hawajaletwa na malalamiko. Bebeni mchoro wa kiwanda, hesabu za tani na lita kama mlizoandika hapa, na mpango wa marekebisho wenye tarehe. Mwenye mpango ana nafasi ya kupewa muda, asiye nao anaweza kufungiwa.

Kwa maji, ofisi ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini ndiyo yenye mamlaka ya vibali vya kutumia maji na kumwaga majitaka. Kama mtakausha yote waelezeni hivyo kwa maandishi. Boila ikaguliwe na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na vali ya usalama isifungwe waya kwa sababu yoyote. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu linaua.

Rundo lenu la zamani halmashauri isilibebe kwenda dampo kama takataka za sokoni bila kuelezwa ni nini. Likishika moto dampo, kuzima ni kazi ya siku nyingi na mji mzima unavuta. Na kama kuna anayewashauri mlipeleke pembezoni mwa ghuba ya Mikindani kwenye mikoko, sheria hiyohiyo inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Mbanguaji_Naliendele

Nimeelewa. Ekspela itachukua miezi miwili mpaka mitatu kupatikana. Rundo la zamani lina kama tani 40 na mvua ziko karibu. Tulifanyeje kwa sasa?

Maji_Kusini

Kwa sasa lizuieni lisinyeshewe, mengine yatafuata. Pimeni kwanza ujazo wake: jaza debe la lita 20, lipime. Likiwa na kilo 6, mita moja ya ujazo ni kilo 300, na tani 40 ni mita za ujazo kama 133. Kwa kimo cha mita moja na nusu zinataka eneo la mita 9 kwa 10. Ligaweni mafungu mawili na njia ya kupita toroli katikati, likishika moto muweze kulitenga.

Inueni jukwaa la udongo wa kichuguu ulioshindiliwa sentimita 15, ukiwa na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kona moja. Juu yake karatasi ya plastiki, juu ya plastiki mikeka chakavu ili majembe yasiitoboe. Kwenye kona ile zikeni pipa la bluu la kukinga chochote kitakachochuruzika, na kila jioni litazamwe. Chimbeni mfereji kuzunguka jukwaa, upana wa jembe, ili maji ya mvua ya nje yapite pembeni yasiingie. Turubai la juu lifungwe likiwa limeinuliwa kwa fito, kwa sababu likilalia maganda moja kwa moja linanasa joto na jasho, na Fundi amekwisha kueleza unyevu unafanya nini. Ingizeni nondo kila baada ya siku mbili kama Fundi alivyosema.

Wakati mnasubiri kinu msiongeze rundo. Maganda mapya yachanganywe boilani moja kwa tatu na kuni kavu, kwa utaratibu wa kuwasha ule wa matofali mekundu, na yanayozidi yaingie jukwaani siku hiyohiyo. Lile la zamani likija kukamuliwa lianikwe juani kwanza siku mbili, na msitegemee mafuta mengi kutoka humo. Udongo uliokuwa chini ya rundo kwangueni sentimita 10 za juu, ule mweusi. Uwekeni jukwaani kando ya maganda bila kuuchanganya nayo, wala msiutumie kufukia lile shimo.

Mbanguaji_Naliendele

Jaribio la kisima tumefanya leo, mbele ya jirani na mjumbe. Hakuna harufu. Sampuli mbili zimechukuliwa, ya kisima na ya shimo, zinakwenda maabara Jumatatu. Udongo wa kichuguu umeanza kuletwa. Chupa tano za chokaa nimezipanga dirishani, ya gramu 2 bado nyeusi, ya gramu 4 imeshakuwa kama chai. Ya 3 ndiyo naitazama asubuhi.